Mwanasheria Mkuu wa Serikali si hakimu wa halmashauri

SWALI: Shikamoo wakili. Mwezi Februari halmashauri ilinifutia leseni ya duka bila hata kuniita kunisikiliza. Bwana mmoja akaniambia Mwanasheria Mkuu wa Serikali ndiye msimamizi wa sheria wa Serikali nzima, akachukua 250,000 aniandikie barua ya kumwomba aufute uamuzi huo. Sasa ni Juni, kimya. Nitume barua ya pili? Mama wa duka, Mbagala.

JIBU: Marahaba, mama. Usitume, na huyo bwana usimwongezee hata shilingi. Unangoja jibu huku muda wako wa kwenda mahakamani unayoyoma.

Watu wenye barua kama yako nawapokea kila mara. Wameishika kwa mikono miwili, ina mhuri wa masijala, nao wanaamini mhuri ule ndiyo kesi yenyewe. Mhuri unaonyesha kwamba barua imefika, basi.

Kinachowapotosha ni lile neno "Mkuu". Linasikika kama mwamuzi aliye juu ya ofisi zote. Ibara ya 59 ya Katiba inamtaja kuwa mshauri wa Serikali kuhusu mambo ya sheria. Ofisi yake hupekua mikataba, huandaa miswada, humwambia waziri kwamba hapa utavunja sheria. Uhalali anauangalia, ndiyo, ila kama wakili anavyomwangalia mteja wake, na mteja huyo si wewe. Ukiishtaki halmashauri kwa madai, tangu sheria ya mashauri dhidi ya Serikali irekebishwe mwaka 2020, ni lazima yeye aunganishwe kwenye kesi. Ukimwacha, kesi inaharibika. Yaani umemwandikia upande wa pili akuamulie ugomvi wako.

Finland wana Chansela wa Haki, anayehudhuria vikao vya Serikali na kupokea malalamiko ya raia. Kwetu ofisi ya namna hiyo haipo. Iliyo karibu kidogo ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, mrithi wa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya 1966. Itakupokea, itachunguza, itatoa mapendekezo. Pendekezo halirudishi leseni kwa nguvu ya amri.

Amri ya kuufuta uamuzi hutoka Mahakama Kuu, kwa maombi ya mapitio, yaani kuiomba ikague kama uamuzi ulifuata sheria. Kutosikilizwa ni hoja nzito sana huko. Lakini kibali cha kuyafungua huombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi, na wewe umeshakula minne. Tena utaulizwa kama ulitumia njia ya rufaa, iwapo sheria ya leseni yako inayo. Fidia ni habari nyingine: hiyo ni kesi ya madai, inayotanguliwa na notisi ya siku 90 kwa halmashauri, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Hapo ndipo barua ya kumfikia ina kazi. Nimeona watu wakikaa kungoja notisi iive, kumbe miezi sita ya mapitio imewapita.

Hawa vishoka wananiumiza roho. Anakaa na kompyuta yake kwenye kibanda cha kuchapa, anajua neno "Katiba" na mahali pa kugonga mhuri, anakula pesa ya mama muuza duka na kupotea. Pesa hutafutwa tena. Muda ukipita utaomba kuongezewa, kwa sababu za kuiridhisha Mahakama, na "nilidanganywa na mtu" ni sababu dhaifu mno. Yeyote anayejiita wakili, tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujafungua pochi, na dai risiti. Ada ikikushinda, wapo watoa msaada wa kisheria bila malipo waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017. Kishoka hawezi kukutajia hao.

Itafute barua ya kufutiwa leseni, usome tarehe yake, uhesabu miezi sita kuanzia hapo. Wiki hii hii uwe mbele ya wakili, nayo mkononi.