Mkulima wa nyanya aliyeingia Bungeni

SWALI: Shikamoo mzee. Eti Uingereza mtu aliwahi kushindwa vibaya uchaguzi mkuu, kisha akapata ubunge mwaka huohuo jimbo lilelile? Tumebishana hapa kijiweni hadi kahawa imepoa. – Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Jimbo ni Carmarthen, mashambani huko Wales, mwaka 1966. Machi, kwenye uchaguzi mkuu, Gwynfor Evans wa Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Wales, alishika nafasi ya tatu kwa kura 7,416. Mwezi Mei mbunge aliyeshinda, Megan Lloyd George wa chama cha Labour, akafariki. Kwenye uchaguzi mdogo wa Julai 14, Evans akazoa kura 16,179 dhidi ya 13,743 za Labour. Chama chake hakikuwahi kupata mbunge kabla yake.

Kazi yake ilikuwa kulima nyanya Llangadog. Kiwelshi chenyewe alijifunza baadaye, lakini alipotaka kula kiapo kwa lugha hiyo, Bunge lilimkatalia. Akaapa kwa Kiingereza. Hapo mimi mpenda lugha huwa nasonya.

Kiti alikipoteza 1970. Februari 1974 akakikosa tena, kwa kura 3 tu! Oktoba akakirudisha.