Hoteli iliyojengwa kando ya mfereji

SWALI: Mhariri, katika kijiji cha Shannon Harbour, nchini Ayalandi, kuna gofu la hoteli kubwa kando ya mfereji. Kwa nini jengo la fahari kiasi hicho lilijengwa mbali na miji, na nini kililiua?

JIBU: Mahali pale palichaguliwa na maji. Mfereji wa Grand Canal, unaoanzia Dublin, ulifika mto Shannon mwaka 1804, na hapo ndipo abiria waliposhuka kubadili chombo. Mashua zilivutwa na farasi waliotembea ukingoni, na katika safari ya takriban kilomita 130 zilisimama kwenye malango zaidi ya 40 kungoja kupandishwa au kushushwa na maji, hivyo msafiri hakukosa kuhitaji chakula na kitanda. Ndiyo maana kampuni ya mfereji yenyewe ilijenga hoteli njiani, zikiwemo ya Robertstown, ya Portobello mjini Dublin (1807) na hii unayoiuliza, ya mwaka 1806.

Mtindo wake ni ule wa enzi za wafalme walioitwa George: kuta bapa zisizo na mapambo mengi, na madirisha marefu yaliyopangwa kwa safu zinazolingana. Katika majumba ya namna hii, jiko na ghala huwekwa chini, nusu ardhini, ili vyumba vya wageni viinuke juu ya unyevu na kelele. Kwa maoni yangu, ukubwa ule ulikuwa pia tangazo: abiria aliyechoka, akiliona jengo kutoka majini, aliamini kwamba kampuni imejiandaa kumpokea.

Wengi husema reli ndiyo iliyoziua hoteli hizi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mwaka 1834 kampuni ilianzisha mashua nyepesi zilizovutwa na farasi waendao mbio, na abiria aliyefika mapema hakuwa na sababu ya kulipia malazi. Kwa hiyo mfereji wenyewe ulianza kuzinyang'anya hoteli zake wageni kabla treni hazijaja kuwachukua waliosalia. Usafiri wa abiria ulikoma mwaka 1852. Mizigo iliendelea kupita hadi mwaka 1960, lakini hilo halikuifaa hoteli kitu, kwa kuwa mabaharia wa mashua za mizigo walipika na kulala humo humo chomboni.