Waliiita Baskerville fonti ya kizee, sasa wanaitaka tena

Wiki iliyopita wachapishaji waliowahi kuniumbua kikaoni wameniandikia: wanataka juzuu ya pili ipangwe "vilevile kama ile ya kwanza." Siwafichi, nimefurahi, na furaha yenyewe ina ukali kidogo. Kwa kuwa wengi wenu mnaniandikia mkitaka kuwa wapanga vitabu, na swali la kwanza ni fonti gani ya kushika, acheni niwasimulie.

Kitabu kilikuwa kirefu, maandishi matupu, picha hakuna. Nikachagua Baskerville. Mkubwa mmoja akachungulia skrini yangu, akasema herufi zile ni nyembamba mno, za kizee, zitawaumiza wasomaji macho. Wenzake wakaitikia. Wakataka ile fonti wanayoiona kwenye simu zao kila siku. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameushika ukurasa uliochapwa.

Lawama hiyo si ngeni. John Baskerville wa Birmingham, Uingereza, alikuwa mwalimu wa mwandiko na mchonga herufi kwenye mawe ya makaburi, akatajirika kwa biashara ya vyombo vilivyopakwa vanishi, kisha akaingia kwenye uchapaji. Hakuridhika na kubuni herufi tu. Alitengeneza wino mweusi zaidi, akatumia karatasi laini, na kurasa zilizotoka mashineni akazibana kwa mabamba ya moto ili zing'ae. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, kilitoka mwaka 1757. Watu wakasema atalipofusha taifa zima.

Mwaka 1760 Benjamin Franklin, naye mchapaji, alimwandikia Baskerville kisa kimoja. Bwana fulani alikuwa akizisema vibaya herufi hizo. Franklin akachukua karatasi ya sampuli za herufi za William Caslon, mchonga herufi aliyemtangulia Baskerville, akachana sehemu ya juu yenye jina, akampa akidai ni za Baskerville. Bwana yule akaanza kuonyesha kasoro moja baada ya nyingine, akalalamika kwamba macho yanamuuma. Kumbe anazilaani herufi za Caslon, zile alizokuwa akizisoma maisha yake yote!

Nikaiga. Nilichapa kurasa zilezile kwa fonti mbili, juu ya karatasi ileile ya kitabu, bila kuandika majina, nikawapelekea. Wengi wakachagua ile waliyoitukana. Samahani sijaipata mpaka leo.

Basi shikeni hili: chapeni. Kuchagua fonti ya kitabu kwa kuitazama kwenye skrini ni kama kununua viatu kwa picha. Ndani ya kila herufi, Baskerville ina tofauti kubwa zaidi kati ya mistari minene na myembamba kuliko herufi za Caslon, na O yake imesimama wima badala ya kuinama. Serifi zake, vile vijimkia mwishoni mwa mistari ya herufi, zimechongoka. Kwenye karatasi inayonyonya wino mistari hiyo inanenepa na kupendeza. Kwenye karatasi yenye mng'ao inaweza kupotea. Tena matoleo ya kompyuta hayafanani. Mengine yamechorwa kufuata herufi za ukubwa wa vichwa vya habari, ukiyashusha hadi pointi 9 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi) unabaki na nyuzi. Mimi huanza na herufi za pointi 11, na pointi 14 kutoka mstari mmoja wa maandishi hadi unaofuata, halafu nachapa. Halafu nachapa tena.

Maneno yetu marefu nayo yana shida yake. Ukinyoosha kingo zote mbili, "hawakutuambia" na "yanayofahamika" yanaacha mapengo meupe yanayoteremka ukurasani. Ruhusu maneno yakatwe mwisho wa mstari, na ukate kwa silabi: ha-wa-ku, si haw-aku. Na alama ya ng' iwe ile iliyojipinda. Iliyosimama kama msumari inaharibu ukurasa mzima, nami nikiiona kwenye kitabu huwa najua mpangaji alikuwa na haraka. Wewe unayetaka kuheshimiwa katika kazi hii, usikubali haraka ya mtu mwingine iwe yako. Usimbishie mteja kwa maneno, atakushinda kwa cheo. Mpe karatasi.

Sisemi Baskerville ifanye kila kitu. Ni pana, inakula kurasa, kwa hiyo piga hesabu ya karatasi kabla ya kuahidi bei. Maelezo madogo chini ya jedwali yape fonti isiyo na serifi. Lakini kwenye jalada ipandishe hadi pointi 60, na kama jina la kitabu lina Q, usiukate ule mkia.