Kuvuka Magomeni kwa baiskeli

Ndugu, kama kila asubuhi unavuka pale Magomeni, Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro inapokatana na Kawawa, ushauri wangu wa kwanza ni huu: shuka, kokota baiskeli kwenye pundamilia.

Ukiamua kupita ukiwa umepanda, ogopa zaidi lori linalokata kushoto. Dereva wa huku kwetu anakaa kulia, kwa hiyo ukijibanza ubavuni kwake kushoto hakuoni, na tairi la nyuma hukata kona kwa ndani kuliko la mbele. Hapo ndipo watu wanabanwa kwenye ukingo wa barabara. Baki nyuma yake hata kama pembeni kuna upenyo, tafadhali. Usitegemee indiketa peke yake, wengine hawawashi. Tazama tairi la mbele limeelekea wapi.

Halafu mwendokasi, yale mabasi yenye njia zake maalumu. Njia zake ziko katikati na mabasi yanatoka pande zote mbili, kwa hiyo foleni ya magari ikisimama usidhani nayo yamesimama. Bodaboda pia hupenya katikati ya magari, chungulia kwanza kabla hujatokeza gurudumu. Usiku, taa nyekundu nyuma.