Draivu ya CD inawaka taa lakini DOS haiioni

Ndugu, umesema trei inatoka, taa inawaka, ila ukiandika D: (herufi ya draivu hiyo), DOS, ule mfumo endeshi wa zamani wa kompyuta, inakwambia hakuna draivu kama hiyo. Basi usikimbilie Luthuli Avenue, Nairobi, kununua nyingine. Taa na trei huhitaji umeme tu. Hazithibitishi kwamba data inapita.

DOS yenyewe haijui CD, lazima ielekezwe mara mbili: kwanza draiva, yaani programu ya kuongea na draivu, kisha MSCDEX, inayoipa draivu herufi. Hayo huandikwa kwenye mafaili mawili ambayo DOS husoma inapowaka. Kwenye CONFIG.SYS weka DEVICE=C:\OAKCDROM.SYS /D:CD001, na kwenye AUTOEXEC.BAT weka C:\DOS\MSCDEX.EXE /D:CD001. Jina lililo baada ya /D: lifanane kabisa pande zote mbili, wengi hukwama hapo. Faili la OAKCDROM.SYS utalipata kwenye disketi ya kuwashia ya Windows 98.

Ukiwasha tena na draiva ikasema haikuona kitu, zima, chomoa umeme, uangalie jampa (kile kiplagi kidogo cha kuchagua nafasi ya draivu kwenye kebo) nyuma ya draivu. Ikishiriki kebo na diski kuu iliyowekwa MA (master, ya kwanza), weka SL (slave, ya pili). Ikiwa peke yake kwenye kebo ya pili, weka MA. Na ufuatilie kebo inaishia wapi. Ikiingia kwenye kadi ya sauti, huenda hiyo ni Mitsumi, Sony au Panasonic ya zamani isiyotumia IDE (njia ya kawaida ya kuunganisha diski na draivu wakati huo), na hapo OAKCDROM haitakufaa hata kidogo. Tafuta draiva ya modeli yenyewe.

Kujaribu, tumia CD halisi ya dukani. Za kuchoma mwenyewe ziwe CD-R (za kuandikwa mara moja). CD-RW (za kufuta na kuandika tena) zinarudisha mwanga hafifu mno, draivu nyingi za miaka hiyo hazizisomi.