Tuzo ya uongozi na imani: anzeni Januari, si wiki ya mahafali

Swali lenu la wiki lilikuwa: shule ya sekondari ya Kikristo imtuze vipi mwanafunzi kwa uongozi na imani? Kwanza, ziwe tuzo mbili. Shule nyingi za kanisa hapa Tanzania zinapokea Waislamu pia, na kiranja bora wa bweni anaweza kuwa mmoja wao. Mkiweka uongozi na imani kwenye cheti kimoja, ama mtamnyima haki yake, ama mtamkabidhi Biblia mbele ya wazazi wake.

Tuzo ya uongozi haina ugumu, ilimradi asipewe kaka mkuu au dada mkuu kwa sababu ya cheo tu. Waulizeni walioongozwa, kidato cha kwanza na cha pili, kwa kura ya siri: “Kiongozi gani alikusaidia bila kutumwa, na alifanya nini?” Kinachochuja ni hicho kipande cha mwisho, kura ya urafiki huishia kwenye jina. Isiyotaja tendo isihesabiwe. Karatasi akusanye mwalimu, maana kiranja anayenyoosha foleni ya bwalo kwa fimbo atajua nani hakumwandika.

Imani ndiyo ngumu. Macho ya walimu huenda kwa anayeongoza sifa, anayeomba kwa sauti, mwenyekiti wa UKWATA (chama cha wanafunzi wa Kiprotestanti) au TYCS (cha wanafunzi wa Kikatoliki). Huenda anastahili, lakini Mathayo 6 inaonya juu ya sala za kuonekana na watu, na shule ikizitunuku itazalisha nyingi. Tazameni yanayotokea nje ya ibada: nani alimpelekea mgonjwa uji bwenini, nani alirudisha hela aliyookota, nani aliomba radhi bila kusukumwa. Wanaoyajua hayo ni matroni, patroni, mpishi na mlinzi, kwa hiyo waingie kwenye kamati pamoja na mchungaji au padre wa shule. Wawe na daftari tangu Januari: tarehe, jina, tendo, mstari mmoja unatosha. Kamati isiyo na daftari hukumbuka ya mwezi uliopita tu, kisha mtoto wa mfadhili anapenya. (Mjumbe mwenye mtoto kwenye orodha atoke nje. Hilo halina mjadala.)

Mtihani wa taifa wa kidato cha nne ni Novemba, basi majina yapatikane Agosti. Siku ya mahafali isomwe sababu, maneno 60 hivi, yenye tendo moja mahususi. “Ni mcha Mungu, mtiifu na mwenye bidii” yanaweza kusomewa mwanafunzi yeyote. Tuzo zitangulie risala na harambee, kwani wazazi wa mbali huwahi basi. Jina kwenye cheti lifuate usajili wa Baraza la Mitihani (NECTA), herufi kwa herufi.

Na Biblia yenyewe: Mkatoliki apewe ya vitabu 73, kwenye ile ya 66 hatamkuta Tobiti wala Wamakabayo. Msiandike maneno ya tuzo kwenye kurasa zake nyembamba, wino hupenya upande wa pili. Yaandikeni kwenye karatasi ngumu, muibandike ndani ya jalada, na gundi ipakwe kingoni tu. Ikizidi, karatasi hujikunja.