Maswali ya Wasomaji: Mlango wa kijani na cherehani ya sebuleni

SWALI: Asalaam aleikum, Mama. Naishi Walukuba, Jinja, na watoto watatu, chumba na sebule. Nashona mifuko ya kitenge kwa cherehani ya mkono. Kila jioni lazima niondoe kazi mezani ili watu wale, na asubuhi nahangaika kutafuta mkasi na bobini. Mgongo nao unauma. Nina sh. 100,000 tu. Uani kuna mlango wa zamani wenye rangi ya kijani na kitanda cha mtoto kisichotumika, na mwenye nyumba amenipa friji mbovu niifanye kabati. Nianzie wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mimi pia nilishona kwenye meza ya chakula miaka sita hapa Bombo, najua kinachochosha ni kule kutandika na kutandua. Hata ukipata pembe ya mita moja na nusu tu, iwe ya kazi, asiiguse mtu kwa ajili ya sahani.

Anza na mgongo. Meza ya kula huwa na kimo cha sentimita 75 hivi. Ukisimama kukata kitambaa juu yake unainama kutwa nzima. Vua viatu, simama wima, kunja mkono, na mtoto mkubwa apime kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Hapo toa sentimita 10 hadi 15. Kiwiko changu kiko 102, meza yangu ya kukatia ni 90. Ukitaka kushona kwenye meza hiyohiyo, tafuta stuli ndefu na tofali mbili za kuwekea miguu, isining'inie.

Sasa mlango, ambao ndio utakuwa uso wa meza yako. Ugeuze uutazame ubavu wa chini, ule unaogusa kizingiti. Mara nyingi mafundi hawaupaki rangi. Ukiona mbao ya kahawia yenye kung'aa kidogo kama asali, na kuubeba kunataka watu wawili, huenda ni mvule, na hapo umeokota mali, kwani mchwa hawaupendi. Jinja yenu ina majengo mengi ya zamani ya Wahindi yenye milango ya namna hiyo. Wangu ulitoka kwenye duka lililokuwa likibomolewa; nililipa sh. 30,000, na boda akaufunga nyuma kwa 5,000. Lakini ukiona vitundu kama vya pini na unga laini kama wa muhogo, ni bungua hao, uache hukohuko uani. Niliwahi kununua meza mpya ya mbao laini, na baada ya miezi michache nikawa nafuta unga ule juu ya vitambaa vya wateja. Nililia.

Kuhusu hiyo rangi ya kijani nakusihi sana: usiipige msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake linadhuru ubongo wa watoto. Osha mlango kwa maji ya sabuni. Panapobanduka palowanishe kwanza, kwangua ukiwa nje, watoto wakiwa mbali, ufungie maganda kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kisha upake rangi mpya juu. Kama uso una mabonde ya vibao, funika kwa playwudi.

Pesa zako zote zipeleke kwenye miguu. Vijana wa kuchomelea vyuma walinitengenezea farasi wawili, yaani fremu za chuma za kuulaza mlango juu yake, kwa sh. 60,000. Kisha muombe mwenye nyumba ruhusa ya matundu mawili ukutani, uufunge mlango kwa vyuma vya pembe. Cherehani ya mkono husukuma meza kila unapozungusha. Isipofungwa, mshono unapinda.

Tundu la kitasa usilizibe. Chini ya langu nimefunga kopo la maziwa, na vipande vya nyuzi nasukumia humo kwa kidole. Sakafu hubaki safi, na mjukuu wangu anayetambaa haokoti kitu cha kutia kinywani.

Friji ni kabati zuri. Lakini wewe una watoto watatu, na mtoto akijifungia ndani hewa humwishia upesi bila kelele kusikika nje. Mlango wake ung'olewe siku hiyohiyo inapoingia, uweke pazia la kitenge. Mtambo wa nyuma atoe fundi wa friji, usikate mabomba yake mwenyewe.

Ubavu wa kitanda cha mtoto utundike ukutani juu ya meza, ukalale kwa urefu. Pinda waya wa nguo ziwe kulabu: mkasi, futi, bobini kwenye mifuko midogo. Mkasi uwe na kulabu yake peke yake.

Meza ikae ili dirisha liwe kushotoni kama unatumia mkono wa kulia, la sivyo kivuli cha mkono wako kitafunika sindano. Usiku weka taa ndogo ya LED karibu na sindano. Haili Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, na inashinda balbu kubwa ya darini iliyo nyuma ya kichwa chako.

Pima kiwiko leo, mwanangu, kabla hujaenda kwa wachomeleaji. Niandikie hiyo namba, pamoja na picha ya ubavu wa chini wa mlango, nikuambie kama ni mvule.